Pleya ipi inapiga muziki vizuri zaidi kwenye kompyuta?

«Nina saluni ya kunyoa, na muziki unapigwa kutwa kutoka kwenye laptopu ya Windows 10 iliyounganishwa na spika zenye subwoofer. Nina nyimbo kama elfu nne: rumba, dansi la zamani, taarabu na Bongo Fleva. Nyingi ni MP3, chache ni FLAC. Miaka yote nimetumia VLC. Mteja wangu mmoja anayejua mambo ya kompyuta akaniwekea foobar2000 na AIMP nilinganishe, na sasa nimechanganyikiwa. AIMP inasikika nene, besi imejaa. VLC ina nguvu, ila nikiipandisha inakuwa kali masikioni. Foobar2000 inasifiwa na kila mtu mtandaoni, lakini kwangu inasikika kama imepoa. Huyo mteja anasema dawa ni kununua pleya ya kulipia ambayo inapakia wimbo wote kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kabla ya kuupiga, eti sauti yake ni safi kuliko zote. Bei yake ni karibu kodi yangu ya pango ya mwezi. Ninunue? Na ule mlio wa ‘mmmm’ kwenye spika nikichomeka chaja, nao unaletwa na pleya?»

Pesa ya pango ilipie pango. Hiyo pleya usiinunue, walau si kwa sababu uliyopewa. Ila sitaki kukuacha hapo, maana umefunga mambo matatu kwa kamba moja: tofauti unayoisikia kati ya pleya, ahadi ya RAM, na mlio wa spika. Kila jambo lina chanzo chake, na chanzo kimojawapo kinaweza kukudhuru.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Tofauti unayoisikia ipo. Wajuaji watakuambia unajidanganya, kompyuta ni kompyuta. Mimi naamini kabisa umesikia AIMP ikiwa nene na foobar2000 ikiwa imepoa, na ningekuja saluni kwako na mita ningeiona hiyo tofauti kwenye kioo chake. Ninachokataa ni kwamba pleya imezaliwa na sauti nzuri au mbaya, kama mwimbaji.

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Wimbo uliotoka kwenye CD ni nambari tupu: kila sekunde kuna nambari 44,100 za upande wa kushoto na 44,100 za kulia, kila moja ikiwa kati ya -32,768 na 32,767. Nambari hizo ndizo zinazoiamuru spika isukume hewa mbele kiasi gani na irudi nyuma kiasi gani. FLAC inazifunga nambari hizo kama unavyokunja shuka liingie kwenye begi. Ukilikunjua ni shuka lilelile, hakuna uzi uliopotea. MP3 ni habari nyingine, kwa sababu yenyewe inatupa sehemu za sauti ambazo sikio halitazigundua kwa urahisi. Lakini angalia vizuri: kutupa kulifanyika siku ile wimbo ulipogeuzwa kuwa MP3. Siku ya kuupiga hakuna kinachotupwa tena. Kiwango cha MP3 kilichochapishwa mwaka 1993 kinaeleza kwa hesabu namna faili linavyofunguliwa, kwa hiyo mtengenezaji wa pleya hana nafasi ya kutia chumvi yake. Tena programu nyingi haziandiki hesabu hiyo upya. Zinaazima maktaba zilezile za bure, FFmpeg ikiwa mojawapo.

Niliwahi kulijaribu hili mezani kwangu. Nilipiga wimbo mmoja wa FLAC kwenye pleya mbili, nikarekodi nambari zilizotoka kabla hazijafika kwenye spika, kisha nikaziweka pamoja ndani ya Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, moja nikiwa nimeipindua juu chini. Zikiwa sawa zinafutana, kama watu wawili wa nguvu sawa wanaosukumana mlangoni: mlango hausogei. Haukusogea. Kilichobaki kilikuwa vumbi la chini mno ambalo nisingelisikia hata usiku wa manane.

Uvumi wa pleya yenye sauti nzuri haukutoka hewani, lakini. Winamp, pleya ya MP3 iliyovuma enzi zile, ilitoka mwaka 1997, na katika miaka ile ya mwanzo baadhi ya programu zilifungua MP3 kwa hesabu za mkato kwa sababu kompyuta zilikuwa dhaifu. Kadi za sauti, yaani sehemu ya kompyuta inayogeuza nambari kuwa umeme wa kuisukuma spika, nazo zilikuwa na mambo yake. Sound Blaster Live ya mwaka 1998, ambayo wengi wetu tuliionea fahari, ilikuwa inageuza kila kitu kwenda nambari 48,000 kwa sekunde hata kama wimbo ulikuwa wa 44,100, na ugeuzaji wake haukuwa wa kusifiwa. Enzi hizo kubadilisha programu au mipangilio kweli kulibadilisha sauti. Kompyuta zilibadilika, maneno yakabaki.

Sasa kwa nini wewe unasikia tofauti leo? Mshtakiwa wa kwanza ni ukubwa wa sauti, na huyu ndiye anayewapumbaza hata mafundi wa studio. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani, walichora namna sikio la binadamu linavyopokea sauti nene na nyembamba. Waliona kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi kuliko linavyopoteza sehemu ya katikati ambako maneno ya mwimbaji yanakaa. Ukiongeza sauti, besi inarudi. Kwa hiyo pleya ikipiga kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja au mbili zaidi, huambiwi na sikio lako kwamba sauti imepanda. Unaambiwa imenenepa, imekuwa tamu, ala zimefunguka. Besi imejaa, kama ulivyoandika mwenyewe.

Na pleya zako tatu karibu nina hakika hazipigi kwa ukubwa mmoja. Foobar2000 inaweza kusoma alama ya ReplayGain, mfumo uliopendekezwa mwaka 2001 ili nyimbo zote zisikike kwa ukubwa unaolingana. Ikiwa imewashwa na mafaili yako yana alama hiyo, Bongo Fleva ya leo iliyorekodiwa kwa kubanwa juu itashushwa desibeli sita hadi kumi, wakati dansi la zamani halitaguswa sana. Huo ndio upoaji wako. VLC kwa upande wake inakuruhusu kupita asilimia 100, na hapo ndipo ukali unapozaliwa: nyimbo za siku hizi tayari zinagusa dari, ukizisukuma juu zaidi vilele vinakatwa, na mkato huo unasikika kama mchanga kwenye sauti ya mwimbaji. Iache VLC kwenye 100 au chini, uongeze kwenye kitufe cha spika. Upande wa AIMP, fungua ikwalaiza yake (vitelezi vya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba) na sehemu ya madoido uone kama kuna kilichowashwa. Aliyekuwekea huenda alichezea vitufe kwa nia njema.

Kuna mahali pengine watu hawapaangalii. Bofya kulia alama ya spika karibu na saa, fungua kichanganya sauti cha Windows, utaona kila programu ina kipimo chake peke yake. Nimewahi kuitwa kwa mtu aliyeapa pleya yake mpya ni mbovu, kumbe ilikuwa imeshushwa hapo hadi 60 tangu siku ya kwanza.

Ukiwa humohumo kwenye mipangilio ya sauti, tafuta sifa za spika uzime maboresho yote. Laptopu nyingi huja na programu ya kupamba sauti, inayoongeza besi na kutanua sauti pembeni ili spika zake ndogo zijikaze. Mapambo hayo ukiyapeleka kwenye subwoofer ya saluni yanageuka matope. Hapohapo utaona kadi imewekwa kwenye nambari ngapi kwa sekunde. Mara nyingi ni 48,000. Tangu Windows Vista, sauti za programu zote huchanganywa mahali pamoja na kugeuzwa kwenda kiwango hicho kabla ya kufika kwenye kadi. Ugeuzaji wa siku hizi ni mzuri, sidhani utausikia, ila kama nyimbo zako nyingi zimetoka kwenye CD, weka 44,100 na uache kuwaza. Foobar2000 na nyingine kadhaa zinaweza pia kujitwalia kadi na kupita kando ya kichanganyaji kwa njia ya WASAPI, mlango wa Windows unaoipa programu kadi moja kwa moja. Faida yake kubwa kwako itakuwa kwamba mlio wa ujumbe hautaingia katikati ya wimbo. Hasara ni kwamba kijana wako akitaka kuonyesha video huku muziki unapiga, haitatoka sauti.

Usiniamini mimi. Jaribu. Lakini jaribu kwa haki, maana kubofya huku na kule ukiangalia jina la pleya kwenye kioo si jaribio. Tengeneza ndani ya Audacity mlio mmoja wa hezi 200 wa dakika moja, uupige kwenye kila pleya, na upime volti za AC kwenye ncha ya waya wa hedifoni. Fundi simu wa jirani atakuazima mita, ila zile za manjano za bei ya chini aina ya DT830 hazifai, kwa sababu ngazi yake ya chini kabisa ya AC ni volti 200, na laptopu inatoa volti moja au pungufu. Tafuta yenye ngazi ya volti 2. Rekebisha kila pleya hadi usomaji ukaribiane ndani ya asilimia moja. Asilimia moja ni chini ya sehemu moja ya kumi ya desibeli, na hapo ukubwa wa sauti hauna tena cha kukudanganyia.

Kisha kaa ukiwa umeipa kompyuta mgongo. Mtu mwingine arushe shilingi kuamua apige pleya ipi, asiseme neno, hata kikohozi. Wewe andika unachodhani. Mfanye hivyo mara 16. Ukipatia mara 12 au zaidi, kuna kitu umesikia kweli, kwa sababu bahati tupu hufika hapo chini ya mara nne katika mia. Ukipatia nane au tisa, umerusha shilingi pamoja naye. Foobar2000 ina kiongezi cha bure cha kufanya jaribio la namna hii kati ya mafaili mawili, na nakushauri ulinganishe FLAC na MP3 ya wimbo mmoja. Matokeo huwanyamazisha wengi.

Wala usione haya ukishindwa. Mimi niliwahi kuzungusha kitufe cha besi kwenye mikisa kwa dakika nzima, nikitikisa kichwa kwa raha nikisikia ngoma inavyokaa sawa, kumbe nimeshika chaneli isiyo na waya. Miaka yote ya kazi haikunisaidia kitu.

Turudi kwenye RAM, maana ahadi hiyo imepambwa kitaalamu na ndiyo inayodai pesa. Wimbo wa dakika nne ukifunguliwa wote ni kama megabaiti 42, kwa hiyo kuuweka kwenye RAM si kazi yoyote. Lakini kila pleya, hata ya bure, huweka akiba ya wimbo mbele ya kadi ya sauti. Fikiria tangi la maji juu ya paa. Unaweza kulijaza kwa ndoo, kwa bomba au kwa pampu ya bei mbaya, ila maji yanayotoka jikoni yanaamuliwa na koki. Koki hapa ni saa iliyo ndani ya kadi ya sauti yenyewe, ndiyo inayochota nambari kwa mwendo wake. Pleya haipigi mapigo, inajaza tangi. Tangi likikauka utajua mara moja, kwa sababu sauti itakatika au itakwaruza. Ikikutokea, ongeza akiba kwenye mipangilio ya pleya na uangalie kama kinga ya virusi au hali ya kubana betri haiielemei laptopu. Tangi likiwa na maji, aliyelijaza hana la ziada.

Pleya hutofautiana katika mambo mengine, tena ya maana. Kuna zinazounganisha wimbo na wimbo bila pengo, jambo utakaloliona kwenye taarabu iliyorekodiwa jukwaani ambako makofi yanaendelea kutoka wimbo mmoja hadi mwingine. Kuna zinazopanga maktaba ya nyimbo elfu nne bila kukwama. Kwa saluni yako ReplayGain ni dhahabu: hutainuka kupunguza sauti kila Bongo Fleva inapofuata dansi la zamani. Ningekuwa wewe ningechagua foobar2000 kwa sababu hiyo, nikaiwasha ReplayGain makusudi, nikaongeza sauti kwenye spika. Ukipenda sura ya AIMP, tumia AIMP, nayo haina ubaya. Na ukipenda besi iliyojaa, weka besi kwenye ikwalaiza ukijua ni wewe uliyeiweka. Hakuna polisi wa besi.

Mafaili yenyewe ndiyo yanayonitia shaka kuliko pleya zote. MP3 nyingi zinazozunguka kwenye flashi zimetolewa YouTube, kisha mtu akazihifadhi upya zikaandikwa 320, yaani kilobiti 320 kwa sekunde, kiwango cha juu cha MP3. Huwezi kukamua juisi mara mbili ukapata embe. Pakua programu ndogo ya bure iitwayo Spek, buruta wimbo uutie ndani yake, uone picha ya sauti. Ukiona rangi imekatwa kama kwa panga karibu na kilohezi 16 huku faili linadai 320, mashaka yako yana msingi. Zitafute nyimbo unazozipenda zaidi kwenye CD halisi au duka la mtandaoni linalouza FLAC. Kisha sogeza subwoofer. Iko kwenye kona? Kona inapandisha besi desibeli kadhaa, na kuitoa hatua mbili tu kutakubadilishia muziki kuliko pleya yoyote utakayonunua maishani.

Kwa kuwa muziki unapiga kutwa, niseme na la masikio. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na saluni inayofunguliwa siku sita hupita saa hizo kwa urahisi. Kama unalazimika kupaza sauti kwa mteja aliye umbali wa mkono, umezidisha. Masikio yakiendelea kulia baada ya kufunga, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Sikio moja likipoteza usikivu ghafla, nenda siku hiyohiyo, usisubiri wiki iishe.

Mlio wa «mmmm» hauhusiani na pleya hata kidogo. Chomoa chaja, muziki uendelee kwa betri. Mlio ukikoma, umeme unazunguka kati ya chaja na amplifaya kupitia waya wa sauti. Chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja. Usipokoma, maduka ya redio za magari huuza kikasha kidogo chenye transfoma kinachokaa katikati ya waya wa sauti na kuukata mzunguko huo. Kama badala ya «mmmm» unasikia kelele nyembamba inayobadilika ukisogeza mausi, hiyo ni laptopu yenyewe inavuja kelele kwenye tundu la hedifoni, na kadi ndogo ya sauti ya USB itaimaliza kwa sehemu ndogo tu ya ile pesa ya pango.

Kitu kimoja usifanye: usikate wala kuchomoa pini ya ethi ili mlio unyamaze. Utanyamaza kweli, na utakuwa umeondoa kinga yako. Na kama ukigusa bati la laptopu au kasha la amplifaya unahisi kutekenywa au shoti, zima vyote kwenye soketi na umwite fundi umeme mwenye leseni aje na kipimo chake akague ethi ya jengo zima. Hilo usilipime mwenyewe. Una mashine za kunyolea, una sinki la kuoshea vichwa, na wateja wako wanakaa na nywele mbichi.